Itazame usoni kabla hujaivaa

Mwezi Novemba mwaka 2021, jijini Geneva, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza saa moja ya mkono aina ya Omega Speedmaster kwa faranga za Uswisi 3,115,500. Wenye mnada walikuwa wameikadiria kati ya faranga 80,000 na 120,000. Ilitajwa kuwa ya toleo la kwanza kabisa la Speedmaster, lile la mwaka 1957 linalojulikana kwa namba 2915-1, na uso wake uliokuwa mweusi ulikuwa umegeuka kahawia. Wakusanyaji huuita uso wa namna hiyo "wa kitropiki", na wako tayari kuulipia fedha nyingi. Baadaye ikajulikana kwamba mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, iliyoitaka saa hiyo kwa ajili ya makumbusho yake.

Mwaka 2023 gazeti la Uswisi, Neue Zürcher Zeitung, likaanika mambo, na kampuni ikakiri kwamba saa ile haikutoka kiwandani ikiwa hivyo. Ilikuwa imekusanywa kutoka saa mbalimbali, na vipande vyake vingi vilikuwa vya Omega kwelikweli. Kampuni ilisema waliokuwa wafanyakazi wake watatu walihusika.

Nayaanza makala haya na kashfa hiyo kwa sababu inamhusu hata kijana aliyepokea mshahara wake wa tatu na sasa anatafuta saa yake ya kwanza ya zamani. Ikiwa kampuni iliyoitengeneza Speedmaster, yenye madaftari ya kiwanda na mafundi waliobobea, iliweza kuuziwa mkusanyiko wa vipande, mnunuzi wa Kariakoo, Mombasa au Muscat hana budi kutumia macho yake mwenyewe. Na kilichowaponyoka wao ndicho kitakachomponyoka yeye asipoangalia: kila kipande kinaweza kuwa halisi, na saa nzima ikawa ya uongo.

Sokoni swali ni moja tu: ni orijino au ni feki? Kwa saa mpya linatosha. Lakini saa iliyotengenezwa mwaka 1968, ikapita mikononi mwa watu watatu au wanne na kwenye meza za mafundi kadhaa, inahitaji kuulizwa zaidi ya hapo. Huenda imebaki kama ilivyozaliwa, na vilivyobadilishwa ni kioo na mkanda tu, vitu ambavyo huchakaa na havimnyimi mtu usingizi. Huenda miaka ya 1980 ilirudishwa kwa kampuni yenyewe ikatiwa uso mpya na mishale mipya ya kampuni hiyohiyo. Hiyo ni saa ya haki, ingawa kwa mkusanyaji bei yake imeshuka. Huenda uso wake ulikwanguliwa rangi yote ukapakwa upya na fundi asiyekuwa hata na picha ya uso wa awali. Huenda ni saa ya kuungaunga, mashine ya huku na kasha la kule. Na huenda ni feki mwanzo hadi mwisho, na hiyo, amini usiamini, ndiyo rahisi kuitambua kuliko zote.

Kwa maoni yangu kubadilisha kipande si kosa. Saa ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi hutengenezwa kinapoharibika. Fundi aliyeondoa mshale ulioliwa na kutu akatia mwingine amefanya kazi yake na analipwa kwa haki. Kosa ni la muuzaji anayejua kwamba mshale umebadilishwa, kisha anakuapia kuwa saa haijaguswa tangu ilipotoka dukani. Kwa hiyo anayejifunza kutambua uhalisi anajifunza jambo moja kubwa: kuangalia kama vipande vyote vya saa vinakubaliana. Uso, mishale, kasha, kifuniko na mashine vitaje mwaka mmoja, au viwe na maelezo ya kwa nini havitaji.

Anza na Seiko 5

Nikiulizwa saa ya kwanza iwe ipi, jibu langu ni Seiko 5, na nalisimamia. Kampuni iliyoanzishwa na Kintaro Hattori jijini Tokyo mwaka 1881 ilitoa Sportsmatic 5 mwaka 1963, na ile tarakimu tano ilikuwa ahadi ya mambo matano: saa ijijaze yenyewe kwa mwendo wa mkono wa mvaaji, ionyeshe siku na tarehe katika dirisha moja, istahimili maji, kifundo cha pembeni kijifiche penye alama ya 4 kisimchome mtu kiganjani, na kasha pamoja na bangili yake viwe imara. Ilikuwa saa ya mtu wa kazi, ya bei ambayo mwalimu au karani angeweza kuifikia, na ikaenea Asia, Ghuba na Afrika. Wazee wengi wa pwani yetu waliivaa, na wengine waliletewa na ndugu waliokuwa Muscat au Dubai.

Faida yake kwa anayeanza ni kwamba zilitengenezwa kwa wingi, vipuri vyake bado vinapatikana, na fundi saa karibu yeyote mwenye umri wa kutosha ameshazifungua nyingi. Ukikosea, hasara yake inavumilika. Lakini sababu iliyo kubwa zaidi ni kwamba Seiko huandika habari zake mgongoni, na mtu anaweza kujifunza kuzisoma kwa jioni moja.

Igeuze. Kwenye kifuniko cha nyuma utakuta namba mbili. Moja ina tarakimu nne, kistari, kisha nne nyingine. Nne za kwanza ni namba ya mashine iliyomo ndani, kwa mfano 6119, 7009 au 6309. Nne za mwisho ni za kasha. Namba ya pili ndiyo ya utambulisho wa saa yenyewe. Tarakimu yake ya kwanza ni ile inayomalizia mwaka wa kutengenezwa, na inayofuata ni mwezi: 1 ni Januari, na kuendelea hivyo hadi 9, Oktoba ni 0, Novemba ni N, Desemba ni D. Saa ambayo namba yake inaanza na 7D ilitoka Desemba ya mwaka unaoishia na saba. Je, ni 1967, 1977 au 1987? Hapo ndipo mashine inapotoa ushahidi. Ikiwa ni 6309, mashine iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, basi 1967 haiwezekani. Muuzaji akikwambia saa hiyo ni "ya miaka ya sitini, ya marehemu baba", wewe umekwisha kujua.

Sasa irudishe upande wa mbele na uchukue lenzi, ile ndogo ya kubana jichoni wanayotumia mafundi. Chini kabisa ya uso, chini ya alama ya 6, kuna maandishi madogo kiasi kwamba macho matupu huyaona kama vumbi. Ndani ya maandishi hayo mna namba ya mashine tena. Kifuniko kikisema 7009 na uso ukasema 6119, vitu hivyo viwili havikuzaliwa pamoja. Na kama Seiko ya miaka ya 1970 haina kabisa maandishi hayo, karibu kila mara uso wake umepakwa upya, maana anayepaka upya huwa hana kifaa cha kuandika herufi ndogo kiasi hicho.

Jaribio jingine halihitaji lenzi wala bisibisi. Mashine za 7009 na 6309 hazijazwi kwa kifundo. Ukikizungusha kifundo ukasikia springi inajikaza, ndani mna kitu kingine. Kadhalika, ukikivuta kifundo ili kurekebisha saa, mshale wa sekunde katika mashine hizo huendelea kutembea. Ukisimama, uliza kwa nini. Chunguza pia dirisha la siku. Seiko nyingi zina lugha mbili katika gurudumu la siku. Kiingereza pamoja na Kiarabu ni dalili ya saa iliyoandaliwa kwa masoko ya Waarabu, na Kiingereza pamoja na Kijapani ni ya soko la kwao. Hakuna ubaya katika lolote kati ya hayo mawili, ila hadithi ya muuzaji lazima ilingane nalo.

Kuna kundi la Seiko 5 linalostahili onyo lake lenyewe. Utaziona zina nyuso za rangi ya machungwa, kijani kibichi au buluu kali, zinameta kama zilitoka kiwandani jana, wakati kasha limekwaruzika na bangili imelegea. Wakusanyaji duniani huzitaja kwa jina la Mumbai, kwa sababu nyingi zilipakwa upya huko India, pamoja na Favre-Leuba, West End na HMT za zamani. Mafundi wanaozifanya wana ustadi wao, na saa zao hutunza wakati vizuri. Mtu akikuuzia kwa bei ya saa iliyopakwa upya, akakwambia imepakwa upya, nunua ukipenda rangi yake. Ila akikuuzia kwa bei ya saa halisi ya mwaka 1972, amekudhulumu, na hana haki ya kusema hakujua, kwa sababu uso wa miaka hamsini usio na hata doa moja ndani ya kasha lililochakaa ni kitu ambacho yeye mwenyewe kila siku anakishangaa kimoyomoyo.

Uso ndio saa

Nikimpeleka rafiki kununua saa, robo tatu ya muda wetu huishia usoni mwa saa. Mashine hutengenezeka. Kioo hupatikana. Kasha lililokwaruzika linavumilika, pengine hata linapendeza. Lakini uso ukishaharibiwa kwa kupakwa upya hakuna wa kuurudisha, na sehemu kubwa ya thamani ya saa kuukuu imo humo, katika kipande hicho cha bati chembamba kuliko sarafu.

Kiwandani, maandishi ya uso hupigwa kwa pedi laini inayochota wino kutoka kwenye bamba lililochorwa na kuubandika juu ya rangi. Ndiyo maana chini ya lenzi herufi halisi zina kingo kali, na wino wake umenyanyuka kidogo juu ya uso. Herufi za kupakwa upya huwa nene, zenye ncha zilizovimba, na nafasi kati yake hazilingani. Usisome neno zima. Tazama herufi mojamoja. Kwenye Omega Seamaster za miaka ya 1950 na 1960 tazama herufi S namna inavyopinda, kisha fungua picha ya saa yenye namba ileile ya toleo ulinganishe. Tazama mistari midogo ya dakika: kila wa tano unapaswa kuingia katikati ya alama ya saa, haupishani nayo hata kwa unywele. Tazama penye alama ya 6 kama maneno "Swiss Made" yapo na hayakukatwa na ukingo. Tazama kama rangi imepanda juu ya ubavu wa alama za chuma zilizobandikwa, jambo ambalo kiwanda hakilifanyi, kwa kuwa chenyewe hupaka kwanza na kubandika baadaye.

Uzee nao una tabia zake. Unyevu huingilia pembeni, kupitia kifundo na ukingo wa kioo, kwa hiyo madoa ya kweli mara nyingi huanzia huko yakielekea katikati, na hayana mpangilio. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunaijua kazi ya hewa ya chumvi. Doa lililosambaa sawasawa uso mzima linatia shaka, maana wapo wanaoziweka nyuso za saa kwenye joto la oveni makusudi ili zigeuke kahawia na ziitwe za kitropiki. Baada ya bei ile ya Geneva, kishawishi hicho hakikupungua.

Kisha kuna rangi ya kung'aa gizani, na hapa naomba msomaji asiharakishe, kwa sababu jambo hili linahusu afya pia. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, saa nyingi zenye alama za kung'aa zilitiwa radi, madini yanayotoa mionzi. Katika kiwanda cha U.S. Radium Corporation huko New Jersey, Marekani, wasichana waliochora nyuso za saa kuanzia mwaka 1917 walifundishwa kuchongoa ncha za brashi kwa midomo yao. Mifupa ya taya zao ilioza. Mwaka 1927 watano kati yao, akiwemo Grace Fryer, waliipeleka kampuni mahakamani, na mwaka uliofuata wakalipwa fidia nje ya hukumu, wakiwa tayari wagonjwa mahututi. Radi hupungua nguvu kwa nusu baada ya miaka 1,600 hivi, maana yake saa ya mwaka 1950 iliyotiwa radi bado inatoa mionzi karibu yote iliyokuwa nayo, ingawa haing'ai tena, kwa sababu kilichokuwa kikiwaka kwa mionzi hiyo kimekwisha kuungua. Saa ya aina hiyo usiifungue nyumbani, usiikwangue alama zake, usipulize vumbi lake, wala usimpe mtoto aichezee. Mpelekee fundi na umwambie ni ya radi kabla hajaifungua.

Waswisi walipoiacha radi walitumia tritiamu, ambayo ni dhaifu zaidi, nao wakaitambulisha kwa herufi T pembeni mwa maneno "Swiss Made". Tritiamu hupungua nusu kila miaka 12.3. Hesabu ni nyepesi: baada ya miaka 49 imebaki sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo saa ya Uswisi ya mwaka 1970 inayowaka usiku kucha kama taa imepakwa rangi mpya, bila mjadala. Na kama alama za uso ni za njano iliyokolea huku mishale ina rangi nyeupe safi, kimoja kati ya hivyo viwili kimekuja baadaye.

Kasha halinichukui muda mrefu. Pembe zake zinazoshika mkanda ziwe na kingo. Zikiwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, fundi ameling'arisha mara nyingi na chuma kimeondoka. Maandishi ya kifuniko yasomeke. Saa ya dhahabu ya kuchovya itazamwe pembeni na chini ya bangili, ambako shaba hujitokeza kwanza.

Ukitaka kupanda ngazi ukanunua Omega, kanuni ni ileile, ila ushahidi uko ndani. Jina la Omega liwepo usoni, kwenye mashine na upande wa ndani wa kifuniko. Kioo cha plastiki cha awali kina alama ndogo ya Omega iliyochorwa katikati, nayo huonekana ukikiinamisha kwenye mwanga. Namba ya toleo imo ndani ya kifuniko. Katika mfumo ulioanza mwaka 1962, inayoanzia 166 ni saa ya kiume, inayojijaza, yenye tarehe, na inayostahimili maji. Ukikuta kifuniko cha 166 na uso usio na dirisha la tarehe, hapana haja ya kuendelea. Mashine nayo ina namba yake, na zile za milioni 20 zilitoka karibu mwaka 1963. Haya yote hayaonekani bila kuifungua saa, na ndiyo sababu nasema saa ya Uswisi isinunuliwe ikiwa imefungwa.

Hanjari ya Oman

Wasomaji wetu walioko Oman, na jamaa zao waliobaki Unguja, Pemba na Mombasa, wana jambo la ziada la kulijua. Sultani Qaboos, aliyetwaa madaraka tarehe 23 Julai 1970, aliagiza saa za thamani, nyingi kupitia duka la Asprey la London, ili kuwatunuku maofisa, wageni na askari, wakiwemo Waingereza waliopigana katika vita vya Dhofar. Rolex nyingi za aina hiyo zilichapwa nembo ya hanjari usoni au kuchorwa kwenye kifuniko. Leo minada huziuza kwa bei ya juu sana kuliko saa zilezile zisizo na nembo.

Palipo na tofauti kubwa ya bei kwa ajili ya alama ndogo, alama hiyo itaghushiwa. Kuchapa hanjari juu ya uso wa Rolex ya kawaida kunahitaji chombo kidogo na moyo mgumu. Uso ni halisi, kasha ni halisi, mashine ni halisi. Uongo ni milimita chache za wino. Hapa lenzi haitoshi. Kinachoitetea saa ya hanjari ni nyaraka: barua ya kutunukiwa, picha ya mhusika akiwa ameivaa, cheti cha utumishi, na mwaka wa saa kulingana na miaka yake ya kazi. Familia yenye saa ya namna hiyo isiipeleke popote kabla ya kuzikusanya karatasi hizo mahali pamoja, na kama mwenyewe yu hai, aandike kwa mkono wake alipewa na nani, wapi, kwa kazi gani. Nimeona familia zikiitunza saa sandukuni huku karatasi yake ikitupwa na taka za kuhama nyumba, na mpaka leo inanisikitisha.

Mazungumzo na muuzaji

Mnunuzi mwema ana adabu na hana haraka. Mbele ya muuzaji aliyekuzidi umri unaweza kuanza hivi: "Shikamoo mzee. Hii saa imenivutia. Naomba unisaidie kuifungua nyuma niione mashine." Mwenye saa safi huifungua, mara nyingi kwa fahari, akakuonyesha na mengine usiyoyauliza. Anayejibu "Mwanangu, hii haijawahi kufunguliwa, ukiifungua itaingia vumbi" amekupa jibu kamili, hata kama hakukusudia. Mshukuru, uende zako.

Swali la pili liwe juu ya kilichobadilishwa, na uliulize kana kwamba una hakika kuna kitu: "Ni nini kilichobadilishwa humu?" Swali hilo humpa mtu mwaminifu nafasi ya kusema kioo, au kifundo, au gurudumu la siku. Ukiuliza kama saa ni orijino, utajibiwa ndiyo na kila mtu.

Kama una fundi unayemwamini, mwombe mfuatane na umlipe siku yake. Ataisikiliza mashine, na akiwa na kifaa cha kupimia atakuonyesha kama zile hatua 21,600 kwa saa za mashine ya 7009, yaani sita kila sekunde, zinakwenda kwa mpangilio. Kabla hamjataja bei, akwambie kando sevisi itagharimu kiasi gani. Kwa Seiko ya kawaida sevisi inaweza kukaribia bei ya saa yenyewe, na ni afadhali ulijue hilo ungali na fedha mkononi. Halafu usidanganyike na maandishi ya kustahimili maji. Mipira ya kuzuia maji ya mwaka 1975 imekwisha kukauka. Saa hiyo usiogelee nayo, wala usitawadhe nayo.

Pengine huna haja ya kwenda sokoni. Fungua kwanza kabati la nyumbani, uulize kwa adabu juu ya saa ya babu. Saa ambayo haijawahi kuuzwa haijawahi kuwa na sababu ya kudanganya mtu. Wapo wazee waliopewa saa walipostaafu, jina na mwaka vikachorwa nyuma, na wafanyabiashara watakwambia mchoro huo unashusha bei. Mimi siafikiani nao. Jina lililochorwa ni ushahidi kwamba kifuniko kile na mtu yule walikuwa pamoja mwaka ule, na ushahidi ndio tunaoutafuta. Rolex Daytona ambayo Joanne Woodward alimpa mumewe, mwigizaji Paul Newman, ilichorwa nyuma maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Oktoba 2017, jijini New York, iliuzwa dola 17,752,500, na maneno yale yalikuwa sehemu ya uthibitisho wake.

Ukishaipata, ya babu au ya kununua, hatari iliyobaki ni mapenzi yako mwenyewe. Utatamani ing'ae. Kabla hujamwachia fundi, mwambie waziwazi, na ikiwezekana umwandikie kwenye karatasi: asing'arishe kasha, asipake uso, asibadilishe mishale bila kukupigia simu, na chochote atakachokitoa akurudishie. Kifundo kilicholika, kioo kilichopasuka, gurudumu lililokatika jino, vyote viingie kwenye bahasha moja pamoja na risiti, nje yake pameandikwa namba ya saa, tarehe na jina la fundi. Siku ukiiuza, bahasha hiyo iende na saa.